Chumba cha Salimu Hakifagiwi

Jumanne, 16 Novemba 2004

Kipande cha tatu leo. Nimefuta kioo cha skana kwa kitambaa cha miwani, nimelaza kipande, nimefunika, taa imepita. Wachezaji wote wametoka safi kwenye kompyuta, mpaka jasho kwenye paji la uso la kipa. Rehema, anayenichapia kazi za wateja, anasema nimepata mtoto, maana skana siiachii. Acha acheke. Ni mpya, imefika juzi kutoka Dar, na hapa Majengo, Dodoma, hakuna mwenye nyingine.

Wateja wa vyeti watasubiri kidogo. Kwanza kazi ya kaka. Salimu yuko Sauzi tangu tisini na sita. Zamani, miaka ile ya ruksa maduka yalipoanza kujaa tena, bigijii zilikuja na picha za wachezaji mpira ndani ya karatasi. Mimi nilitafuna tu. Yeye alikusanya. Alizibandika kwa uji wa ngano juu ya maboksi ya sabuni, kayakata kwa wembe, kila kipande saizi moja. Vipande vyote bado viko chumbani kwake chini ya kitanda, vimeegemea ukuta. Mwezi uliopita ameandika imeili. Anazitaka zote, nimtumie kwa kompyuta.

Shida ni Mama. Anatoa kipande kimoja tu. Mpaka kirudi ndipo kinatoka kingine. Anaingia kukichukua mwenyewe, mimi nasubiri kizingitini kama mgeni.

Jumatano, 17 Novemba

Nimerudisha cha tatu, nimepewa cha nne. Nikiwa pale mlangoni nimeangalia sakafu. Vumbi limelala nene. Katikati kuna njia moja tu, ya miguu ya Mama, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Shati la Salimu bado liko kwenye msumari. Lilikuwa jeupe.

Idi imepita, nyumba nzima imepakwa chokaa, isipokuwa hicho chumba. Kila mwaka hivyo hivyo. Siku Salimu anaondoka Mama alikataza kufagia, na hilo hata mimi sikulishangaa, kwetu ndivyo ilivyo: msafiri akitoka huzifagii nyayo zake mpaka ujue amefika. Siku moja, siku mbili, watu wanafagia, maisha yanaendelea. Lakini Salimu alikaa kimya muda mrefu. Ufagio ukazoea kutoingia. Barua ilipokuja, Mama akasema haya, amefika, ila bado hajarudi. Kikawa hivyo. Sebule inafagiwa, ukumbi unafagiwa, ufagio ukifika kizingiti kile unageuka.

Kila siku baada ya alasiri anaingia humo anakaa kitandani mpaka magharibi. Sijui anafanya nini. Nimechoka kuuliza.

Ijumaa, 19 Novemba

Skana imenitia aibu. Kipande cha tano kimetoka na mistari. Myembamba, ya kahawia, inapita katikati ya picha na kupinda. Nimefuta kioo. Nimerudia. Ipo. Nimefuta tena kwa spiriti. Ipo. Kitu kipya kabisa. Nimekasirika hadi sikula mchana.

Jumamosi, 20 Novemba

Rehema ametoa cheti chake cha kidato cha nne, tumekiskani. Safi. Tumeskani kitambulisho, gazeti, kiganja changu. Safi. Amesema, "Scanner iko okay, bosi. Hizo picha zako ndizo zinaumwa."

Nikakipeleka kipande mlangoni kwenye jua. Kwa macho huoni kitu, labda kivuli. Ukikikuza kwenye kompyuta ndipo unaona. Mistari inaanzia pembeni, pale uji ulipovuja, inafuata uji. Inaingia chini ya picha ya beki mmoja na kutokea begani kwake. Sijaipenda.

Jumatatu, 22 Novemba

Imeili ya Salimu. Nilimuuliza wazi, unarudi lini, Mama anakusubiri. Amejibu. Sasa najuta kuuliza.

Harudi. Ana mke huko, ana watoto wawili, ana nyumba. Anasema akija atakuja kutembea tu. Picha za bigijii ni kwa ajili ya watoto, waone baba yao alikuwa anachezea nini. Ameambatanisha na picha yake. Amesimama mbele ya nyumba ya tofali, mwanamke pembeni, mtoto mmoja kambeba, mwingine kashika suruali yake. Mwisho kaandika nisimwambie Mama, atamwambia mwenyewe siku ikifika. Siku gani.

Nimeificha picha kwenye faili ambalo Rehema hafungui. Nikaenda nyumbani kula. Mama akaniuliza, kaka yako kaandika? Nikasema kaandika, anakusalimia. Akaniangalia. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema tangu nilipoleta habari ya kuzipiga picha hizi hana raha. Mtu akiwa anarudi anaziona zenyewe, ya nini apigiwe picha ya picha. Kisha akanimiminia chai.

Jumatano, 24 Novemba

Nimeomba tena kipande cha kwanza. Nilimwambia Mama kilitoka na ukungu. Uongo mdogo, nilitaka kuhakikisha. Amekitoa kwa kusitasita.

Nimekiskani. Nimeweka picha mbili kwenye kompyuta, ya mara ya kwanza na ya leo. Kushoto wachezaji wote wazima. Kulia mistari. Kipa hana goti moja. Pale penye goti kuna udongo.

Rehema kaja kusimama nyuma yangu. Hakucheka. Mimi mwenyewe nilijua kabla hajasema. Aliyezaliwa Dodoma hahitaji kuambiwa. Nikakigeuza kipande, nikakibana kwa kidole, boksi likabonyea, ndani hamna kitu. Wakatoka wawili watatu, weupe, wanatembea juu ya kioo changu kipya.

Mchwa. Na kipande hiki ndicho kilicho mbali na ukuta. Ukuta wenyewe ukoje?

Alhamisi, 25 Novemba

Nimemwambia. Nilianza kwa upole, nikamaliza kwa sauti ya juu, naona haya. Nyumba ni ya babu, miti na udongo, bati lilikuja baadaye. Kwingine kote ufagio unapita, mchwa akijenga njia asubuhi inabomolewa asubuhi. Humo hakuna aliyepitisha ufagio tangu Salimu aondoke. Nikasema niruhusu nifagie mara moja tu, nibandue udongo wao, niweke dawa.

Akasema hapana. Nikasema hata ukutani tu, sakafu nitaiacha. Akasema hapana. Nikamuuliza hajaona njia za udongo ukutani pale? Ameziona. Anazijua zote. Akasema hata sauti yao anaisikia akikaa, wanatafuna taratibu, anaona kama chumba kina mtu.

Mwili wake ni mdogo, kitanda kiko chini ya boriti kubwa. Nikikaa dukani saa za alasiri sasa nasikiliza. Nasikiliza nini kutoka mtaa wa tatu? Sijui.

Jumamosi, 27 Novemba

Hakuna kipande. Amesema zilizotoka zinatosha. Funguo kaifunga kwenye pindo la khanga.

Joto. Mawingu yamekaa juu ya kilima cha Mlimwa tangu asubuhi, hayaji, hayaondoki.

Jumanne, 30 Novemba

Nimemleta fundi Athumani, mtu wa kijiji cha Busi, ndiye aliyetupigia bati. Mama akampa chai, akamuuliza habari za nyumbani kwao, na chumba hakumfungulia. Fundi akazunguka nje. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Mahali pengine udongo unajibu kama udongo. Ukuta wa Salimu unajibu kama debe tupu.

Akanivuta pembeni. Anasema miti ya ndani imekwisha, unaosimama pale ni udongo tu na chokaa ya nje. Boriti hawezi kuisemea bila kuiona. Nikamuuliza tunafanyaje. Tuweke nguzo kwa ndani, haraka. Bila hivyo mvua ya kwanza ya maana itaingia kwenye udongo na hakuna kitakachoushika.

Nikarudi kwa Mama nikamwambia maneno yote ya fundi. Kwa nguzo watu lazima waingie, waburute vitu, wazoe vumbi. Akasema, "Yusufu, mimi nikifa humo nitakuwa nimefia kwa mwanangu. Niache."

Nikatoka nje nikisema moyoni: Kwa mwanao ni kule kwenye nyumba ya tofali. Ninayo picha.

Alhamisi, 2 Desemba

Manyunyu alasiri, kidogo tu, hata vumbi halikulala vizuri. Lakini yalitosha. Nimekuta watoto wa jirani uani kwetu na mabakuli, wanakimbizana. Kumbikumbi. Nikadhani wanatoka kwenye kichuguu cha nyuma ya choo, kama kila mwaka.

Walikuwa wanatoka chini ya mlango wa Salimu. Wanasukumana, mabawa yanametameta, wanajaa ukumbini, wanapanda ukuta mpya wa chokaa. Wengine wanatoka kwenye tundu la funguo. Watoto wanawazoa kwa viganja na kucheka. Mama yuko ndani. Nikagonga. Nikaita. Akafungua, khanga imejaa mabawa, akanipita kwenda kutawadha.

Leo naogopa. Naandika hivyo hivyo. Naogopa.

Ijumaa, 3 Desemba

Mama alikwenda kwa jirani kusaidia kupika, kuna arobaini. Funguo aliisahau kwenye mswala. Nikachukua ufagio. Nikafungua.

Harufu ya udongo mbichi ndani ya chumba kikavu. Ukutani njia zao zinapanda mpaka juu, nene kama kidole, zinagawanyika, zinaingia nyuma ya shati na kutokea kwenye kola. Vipande vya picha vilivyobaki chini ya kitanda vimeshikana na ukuta, huwezi kujua boksi linaishia wapi. Niliinua macho kwenye boriti. Imeinama katikati, juu kabisa ya pale anapokaa.

Nilikuwa na ufagio mkononi. Mbele yangu vumbi na njia ya miguu ya Mama. Nikasema sasa. Mkono haukuja. Mimi ninayewaambia wateja dunia ni ya kompyuta. Nilifikiri: nikifagia, halafu Salimu apate ajali kesho kule, nitamwambia nini Mama, na nitajiambia nini mwenyewe. Nikafunga mlango. Ufagio nikaurudisha jikoni. Nimejichukia mchana kutwa.

Njia imebaki moja. Lazima Mama atoke humo kwa miguu yake mwenyewe saa za alasiri. Na kuna kitu kimoja tu kitakachomtoa. Nilikatazwa kukionyesha. Salimu anisamehe, au asinisamehe, yeye hayuko chini ya boriti.

Jumamosi, 4 Desemba

Asubuhi mawingu yameshuka. Nikamwambia Mama: Salimu ametuma picha yake, ipo dukani, njoo uione. Hakuuliza kwa nini sikuitoa kwenye karatasi nikamletea. Akaniambia nisubiri. Akaingia chumbani, akatoka na vipande vyote vilivyobaki, kavibandua ukutani kwa mikono yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akavifunga kwenye khanga. Akasema nivimalize.

Hajawahi kuja dukani tangu nilifungue. Rehema akamwamkia, akampa kiti. Adhuhuri ikapita. Nikaskani kipande kimoja kimoja mbele yake, taa inapita, yeye anaifuata kwa macho. Vya mwisho havikuwa na wachezaji tena. Udongo, mguu, nusu ya uso, jezi bila mtu. Alivitambua hata hivyo. Anasema, huyu Salimu alimpata kwa kupigana shuleni. Huyu nilimnunulia mimi siku ya homa.

Mvua ikaanza alasiri, ghafla na kwa nguvu, mtaa ukageuka mto. Ndipo nikamfungulia picha.

Aliisogelea kompyuta mpaka pua ikaribie kugusa. Rehema akatoka nje akasimama barazani, Mungu ambariki. Mama akasema, "Kanenepa." Nikasema ndiyo. Akawaangalia watoto mmoja mmoja. Yule aliyeshika suruali ana masikio ya babu yao. Kisha akaweka kidole kwenye nyumba ya tofali.

"Hii ni yake?"

"Ndiyo, Mama. Ni yake."

"Basi ana kwake."

Hakulia. Aliuliza tu kama watoto wanajua Kiswahili. Sikujua. Tukakaa tukisikiliza bati mpaka mvua ikapungua.

Tulirudi tukipita kwenye tope. Kutoka kona niliona majirani wamejaa uani na nikajua. Chumba cha Salimu kimelala. Ukuta wa nje wote umeanguka kwa ndani, boriti imevunjika vipande, na ndani ya boriti ni udongo mtupu, umejaa vyumba vyumba. Kitanda huoni. Jirani mmoja alikuwa anachimbua kwa mikono akimwita Mama kwa jina lake. Alipotuona tumesimama nyuma yake alikaa chini kwenye tope.

Jumapili, 5 Desemba

Watu wanakuja kutoa pole. Wanasema Mungu mkubwa, angekuwa humo. Mama anaitikia kila mmoja. Anakaa ukumbini, mgongo ameupa kifusi.

Mimi nawamiminia chai. Nusu inamwagika.

Jumatatu, 6 Desemba

Nimetuma picha za mwisho. Salimu amejibu upesi kuliko siku zote. Amefurahi sana, watoto wamezishangaa. Anauliza ile mistari ni ya nini, au skana yangu ni mbovu. Anasema amesikia siku hizi mtu anaweza kuifuta kwa kompyuta.

Nikaandika mengi, nikayafuta. Nilichotuma ni kifupi. Skana ni nzima. Chumba chako kimeanguka. Mama ameiona picha yako. Mpigie simu.

Jumanne, 7 Desemba

Kijua cha baada ya mvua. Fundi Athumani na vijana wake walimaliza jana kutoa kifusi na miti. Pamebaki sakafu, wazi kwa anga, na alama ya ukuta ulipopita. Shati halikuonekana.

Simu haijapigwa. Mama hakuiulizia.

Baada ya kunywa chai alisimama akaniambia nimletee ufagio. Nikafikiri anataka wa uani, nikamletea ule mgumu wa njukuti. Akasema si huu. Ule wa ndani. Nikauleta. Akajifunga khanga kiunoni, akainama, akaanzia pale kilipokuwa kichwa cha kitanda, akafagia polepole kuja mlangoni, ingawa mlango haupo. Hakuacha pembe. Vumbi alilikusanya fungu moja, likawa dogo kuliko nilivyotegemea, akalizoa mwenyewe, akalitupa nje.

Halafu akanawa mikono na kuuliza jioni nitakula nini. Nikamwambia chochote. Nikaenda nikafungua duka.